SOMO LA TAWI: FUNGU LA MISHAHARA NA USHINDI WA UWANJANI



Kila Jumatatu, kwenye mashine za kukamua mawese na kwenye mizani ya kupimia mikungu ya michikichi, huku kwetu Bugarama na kule Rumonge kando ya ziwa, mazungumzo huwa ni mawili: mpira wa jana na mshahara wa mwezi huu. Tunayazungumza kama mambo mawili yasiyojuana. Somo la leo linayaweka pamoja. Tutaitazama timu ya mpira kama tunavyokitazama kiwanda, na tutauliza swali moja: timu itumie fedha kiasi gani kwa mishahara ili ishinde, na hesabu ikikosewa, nani anayelipa?

Tunalichagua somo hili kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuambiwa na mwajiri kwamba mishahara ndiyo inayoirudisha kazi nyuma. Uwanja wa mpira ni mahali pazuri pa kulipima neno hilo, maana pale matokeo hayafichiki. Kila mtu anayaona mabao.

1. Mchezaji ni mfanyakazi

Tuanze na jambo la msingi. Mchezaji wa timu kubwa anaitwa nyota, anapigiwa makofi na picha yake inabandikwa ukutani. Lakini ana mkataba, ana mwajiri, ana saa za kazi, anaweza kuumia kazini, na siku mwili wake ukichoka anaachwa. Anachouza ni nguvu zake na ufundi wake, kama mkwezi wa michikichi na kama fundi wa boila. Tofauti ni kwamba muda wake wa kuuza ni mfupi. Mkwezi hodari anaweza kukata mikungu miaka 25. Mchezaji wengi wao hawafikishi miaka 15. Kwa hiyo mwezi mmoja usiolipwa kwake ni kipande kikubwa cha maisha ya kazi.

2. Hesabu ya ushindi mmoja

Sasa tushike kalamu. Tuchukue timu tatu za kubuni, ili tuone hesabu inavyokwenda.

Timu ya Kwanza inalipa mishahara ya faranga milioni 60 kwa msimu, nayo inashinda michezo 15. Tukigawanya, kila ushindi umegharimu milioni 4.

Timu ya Pili inalipa milioni 150 na inashinda michezo 20. Kila ushindi umegharimu milioni 7 na nusu.

Mtu wa haraka atasema Timu ya Kwanza ndiyo yenye akili. Tusiharakishe. Swali la kweli ni la ile michezo 5 ya ziada. Timu ya Pili imeongeza milioni 90 ili ipate ushindi 5 zaidi, yaani milioni 18 kwa kila mmoja. Je, michezo hiyo 5 imeleta nini? Ikiwa imeleta kombe, na kombe likaipeleka timu kwenye mashindano ya Afrika, na viingilio, wadhamini na zawadi vikaleta milioni 120, basi fedha ile ilitumika vizuri. Ikiwa imeiinua timu kutoka nafasi ya tano mpaka ya tatu tu, pasipo zawadi, basi milioni 90 zimenunua kelele za siku chache.

Hapa tunajifunza kanuni ya kwanza: mshahara mkubwa si kosa, na mshahara mdogo si busara. Kinachopimwa ni kile ambacho faranga ya mwisho imeleta.

Sasa Timu ya Tatu. Hii imeahidi milioni 150 kama ile ya pili, lakini mwisho wa msimu imelipa milioni 60. Viongozi wake wanajisifu kwamba wamebana matumizi. Ndugu, huko si kubana matumizi. Milioni 90 zilizobaki ni deni. Timu imekopa kwa wachezaji wake bila kuwauliza, bila riba na bila tarehe ya kulipa. Mshahara usiolipwa ni mkopo wa lazima ambao mwenye nacho anauchukua kwa asiyenacho. Neno hili tulishike, tutalirudia.

3. Mifuko mitatu

Mishahara ya timu hutoka kwenye mfuko fulani. Katika Afrika ya Mashariki tumeona mifuko ya namna tatu.

Mfuko wa kwanza ni wa mtu mmoja. Yanga ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mara tatu mfululizo, misimu ya 2014/15, 2015/16 na 2016/17, ikiongozwa na mfanyabiashara Yusuf Manji. Mei 2017 Manji alijiuzulu uenyekiti. Fedha zikapungua, na ubingwa ukaenda kwa Simba misimu minne mfululizo. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Mwinyi Zahera, Yanga walifikia kuwachangisha wanachama na mashabiki wao, jambo ambalo Watanzania waliliita kutembeza bakuli. Pamoja na hayo, timu ile ilimaliza msimu ikiwa ya pili. Tuwape heshima yao wachezaji wale. Lakini tusidanganyike: moyo wa mfanyakazi unaweza kuibeba kazi msimu mmoja, hauwezi kuwa mpango wa miaka kumi.

Mfuko wa mtu unaweza kuacha kitu cha kudumu ukitumika kwa kitu cha kudumu. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Kongo, TP Mazembe ya Lubumbashi chini ya Moïse Katumbi ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Fedha hazikuishia kwenye mishahara ya nyota peke yake. Uwanja ulijengwa Kamalondo, na shule ya vijana ikafunguliwa. Mwaka 2016 Katumbi alikwenda uhamishoni, na bado Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka huo na mwaka 2017.

Mfuko wa pili ni wa mdhamini. Kenya, kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa ikizidhamini Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka 2019, baada ya mvutano na serikali juu ya kodi na leseni, kampuni hiyo iliondoa udhamini wake nchini humo. Wachezaji hawakuwemo kwenye mvutano ule, wala hawakuulizwa kitu, lakini wao ndio waliokosa mishahara. Wengine waliondoka. Baadaye klabu zote mbili zilijikuta zimezuiwa na FIFA kusajili wachezaji wapya, kwa sababu ya madeni ya makocha na wachezaji wa zamani. Mnaona mkopo wa lazima unavyorudi: timu haikulipa jana, na leo haiwezi kuajiri.

Mfuko wa tatu ni wa mkataba wa wote. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania lilitia saini mkataba wa miaka 10 na Azam Media, wa shilingi bilioni 225.6, kwa haki za kuonyesha ligi kwenye televisheni. Fedha hizo haziziondolei klabu kubwa haja ya matajiri wao. Yanga, ambao walirudi kileleni msimu wa 2021/22, wana kampuni ya GSM nyuma yao, na Simba wana Mohammed Dewji. Lakini mkataba wa namna hiyo una faida moja kubwa: kiongozi wa klabu anajua kabla ya msimu kuanza ni kiasi gani kitaingia, na anaweza kuahidi mishahara kwa kadiri ya kile anachokijua.

Kanuni ya pili basi ni hii: fungu la mishahara lipimwe kwa mapato yanayojulikana, si kwa hamu ya kombe wala kwa ahadi ya mtu.

4. Na sisi wa Burundi?

Tusitazame ng'ambo tu. Vital'O ya Bujumbura ni jina tunalolijua tangu utotoni. Mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Mwaka 2013 ilitwaa Kombe la Kagame huko Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda, na Amissi Tambwe wa Vital'O akawa mfungaji bora wa mashindano yale.

Kisha ikawaje? Mwaka huohuo Tambwe alichukuliwa na Simba. Msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 19. Baadaye, akiwa Yanga, akawa tena mfungaji bora msimu wa 2015/16 kwa mabao 21. Saido Ntibazonkiza naye alianzia Vital'O, akacheza Ulaya miaka mingi, kisha akarudi Afrika ya Mashariki. Alikwenda Yanga, kisha Geita Gold, kisha Simba, na msimu wa 2022/23 aliongoza kwa mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga.

Hatuwalaumu ndugu hawa. Mfanyakazi huenda panapolipwa, kama vijana wetu wanavyovuka kwenda kutafuta kazi Kigoma au Uvira. Lakini tuangalie matokeo kwa timu. Agosti 2024 Vital'O, bingwa wa Burundi, ilikutana na Yanga katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa. Michezo yote miwili ilichezwa Dar es Salaam. Mabao yalikuwa 4 kwa 0, na 6 kwa 0. Jumla ni 10 kwa bila.

Wako waliosema vijana wetu hawana moyo. Sisi tunakataa. Moyo hauzidiani kwa mabao kumi. Kilichozidiana ni miaka ya malipo, lishe, matibabu, makocha na viwanja. Timu inayolipa kidogo haiwezi kumshika mtu aliyekwisha iva. Inalea, na mwenzake anavuna. Hasara hiyo haionekani kwenye kitabu cha mishahara, kwa sababu mle imeandikwa kama akiba. Inaonekana siku ya mchezo.

Kanuni ya tatu: mshahara mdogo una gharama yake, ila gharama hiyo huandikwa kwenye ukurasa mwingine.

5. Mfano wa Marekani

Kuna mchezo unaopendwa sana Marekani uitwao besiboli. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne ili apate alama. Msimu wake una michezo 162, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima fedha na ushindi.

Mwaka 2002 New York Yankees walilipa wachezaji wao karibu dola milioni 125. Oakland Athletics walilipa karibu dola milioni 40. Mwisho wa msimu kila timu ilikuwa imeshinda michezo 103, sawasawa. Na katika hatua ya mtoano, zote mbili zilitolewa mapema. Kombe lilichukuliwa na Anaheim Angels.

Matajiri wengi waliushangilia mfano wa Oakland. Walisema: mnaona, inawezekana kushinda kwa mishahara midogo. Ni kweli kwamba kiongozi wa Oakland, Billy Beane, alitumia akili. Alitafuta wachezaji wenye ufundi ambao wengine hawakuuthamini, kama mpigaji mwenye subira ambaye anafika kituo cha kwanza bila kuupiga mpira kwa nguvu. Huko ni kujua kazi, na sisi tunakusifu.

Lakini mfanyakazi asome mpaka mwisho wa ukurasa. Nguvu kubwa ya Oakland ilikuwa pia watupaji watatu vijana, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito. Vijana hao walikuwa miongoni mwa walio bora nchini, na walilipwa kidogo kuliko thamani yao. Sababu ni kanuni za ligi: mchezaji hana uhuru wa kuchagua mwajiri mpaka atimize miaka 6 ya kazi kwenye ligi kuu. Kwa hiyo sehemu ya unafuu wa Oakland haikutoka kwenye akili ya meneja. Ilitoka kwenye jasho la kijana asiyeruhusiwa kuondoka. Kila tunapoambiwa kazi fulani imefanyika kwa bei nafuu, tuulize nafuu hiyo imetoka wapi.

Na hata hiyo miaka 6 ilipiganiwa. Zamani mchezaji alifungwa na klabu yake maisha yote, labda klabu yenyewe imwuze au imwache. Mwaka 1966 chama cha wachezaji kilimchagua Marvin Miller, ambaye alitoka katika chama cha wafanyakazi wa chuma. Wakati huo kima cha chini kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Mapatano ya kwanza ya pamoja, mwaka 1968, yalikipandisha hadi dola 10,000. Desemba 1975 mwamuzi Peter Seitz aliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ana haki ya kwenda anakotaka. Wastani wa mishahara, uliokuwa kama dola 19,000 mwaka 1967, ulizidi dola 240,000 mwaka 1982.

Wenye timu walilia kwamba mchezo utakufa, na kwamba matajiri watanunua makombe yote. Tuangalie kilichotokea. Wachezaji walipokuwa wamefungwa, Yankees walitwaa ubingwa miaka 5 mfululizo, 1949 hadi 1953. Wachezaji walipopata uhuru, kuanzia 1978 hadi 1987, kombe lilichukuliwa na timu kumi tofauti katika miaka kumi. Mwaka 1994 wenye timu walitaka kuweka kikomo cha jumla ya mishahara. Wachezaji waligoma kuanzia Agosti, fainali za mwaka huo zikafutwa, na mgomo ukaendelea mpaka mwaka 1995. Kikomo kile hakikuwekwa.

6. Yanayotuhusu kiwandani na shambani

Sisi wenyewe tuliwahi kukaa mezani na mwajiri mmoja aliyetuambia kwamba mishahara imezidi, kwa hiyo lazima watu wapunguzwe. Tulimwomba atuonyeshe kitabu. Hakukataa mishahara kuonekana, alikataa kurasa nyingine: mafuta ya magari, matengenezo ya mashine zilizokaa bila kutunzwa, na mawese yaliyopotea kwa sababu mikungu ilichelewa kufika kwenye mashine. Tulitoka bila makubaliano siku ile. Lakini tulitoka tukijua cha kuuliza, na mara ya pili hatukuzungumzia mishahara peke yake.

Kwa hiyo, mwajiri akisema fungu la mishahara ni kubwa mno, wajumbe wa tawi waulize mambo haya:

Kwanza, ni kubwa likilinganishwa na nini? Mshahara peke yake ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kile ambacho mshahara huo umezalisha.

Pili, mapato yanatoka mfuko gani, na mfuko huo umehakikishwa kwa muda gani? Ahadi iliyotolewa juu ya mfuko wa mtu mmoja iandikwe kwenye karatasi.

Tatu, wangapi wameondoka mwaka huu, na kumfundisha mgeni mpaka aijue kazi kunagharimu kiasi gani? Huo ndio ule ukurasa mwingine.

Nne, kuna mishahara iliyochelewa? Kama ipo, iandikwe kama deni, yenye tarehe ya kulipwa, isiitwe akiba.

Juu ya hilo la nne, wachezaji wametutangulia. Kanuni za FIFA, tangu mwaka 2018, zinampa haki mchezaji ambaye hajalipwa miezi miwili kuvunja mkataba kwa sababu halali, baada ya kuidai klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15. Haki hiyo haikushuka kama mvua. Wachezaji wana umoja wao wa dunia, FIFPRO, ulioanzishwa mwaka 1965, na haki ya mshahara kulipwa kwa wakati ni miongoni mwa mambo unaoyapigania. Mchezaji mmoja anayedai mshahara huitwa mkorofi na huwekwa benchi. Wakidai wote, hakuna timu ya kuingia uwanjani.

Maswali ya kujadiliana kwenye tawi

1. Chukueni zile timu tatu za kubuni. Nyinyi mkiwa wachezaji mngependa kufanya kazi katika timu ipi, na kwa nini? Mkiwa viongozi wa klabu, mngeongoza ipi?

2. Mahali penu pa kazi panafanana na mfuko gani kati ya mitatu? Mfuko huo ukikauka kesho, mshahara wa mwezi ujao utatoka wapi?

3. Hesabuni waliohama kazi hapo kwenu tangu mwaka jana. Walikuwa na ujuzi gani? Nani anaufanya ufundi wao sasa, na anaufanya vipi?

4. Je, kuna mshahara, posho au malipo ya mizani ambayo hayajalipwa? Andikeni jina la kila mdai, mwezi na kiasi. Msitegemee kumbukumbu.

Katibu wa tawi aandike majibu kwenye daftari na alilete kwenye mkutano ujao wa matawi. Orodha ya swali la nne ije imetiwa saini na kila anayedai, maana ndiyo tutakayoiweka mezani kwanza.